Bomba la Majitaka Lilikatwa, Ziwa Halikupona: Uchambuzi wa Kisa cha Fosforasi Iliyolala Kwenye Tope

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la ziwa, la mji ulio kando yake na ya watu waliohusika yameachwa, kwa kuwa funzo lake haliyategemei. Maziwa mawili yanayotajwa baadaye kwa kulinganisha yameachiwa majina yao, kwa sababu habari zake zimeandikwa sana na yeyote anaweza kuzifuatilia.

Maswali ni mawili. Kwa nini ziwa liliendelea kuwa kijani kwa takriban miaka kumi baada ya chanzo cha uchafu kuondolewa? Na wahusika walijuaje ni kiasi gani cha tope cha kuondoa? Swali la kwanza huulizwa na kila mtu. La pili husahaulika, na ndilo nitakalolipa nafasi zaidi.

Usuli

Ziwa ni dogo, lina ukubwa wa takriban kilomita moja ya mraba. Kabla ya kazi inayoelezwa hapa, kina chake cha wastani kilikuwa mita 1.1 hivi. Mtu mzima angeweza kusimama sehemu kubwa ya ziwa na kichwa kikabaki juu ya maji, ilimradi miguu isizame kwenye tope, na ingezama. Liko katika nchi ya baridi, kwa hiyo uso wake huganda kila mwaka. Jambo hilo la barafu lina uzito katika kisa hiki.

Hapo zamani maji yake yalikuwa na virutubisho vichache. Kisha mji ukakua, na kwa miongo kadhaa majitaka ya nyumba na ya kiwanda yakawa yanaishia ziwani. Majitaka hayo yalibeba fosforasi, kirutubisho kinachostawisha mimea ya majini, na ziwa likaitikia kama maziwa yanavyoitikia fosforasi: mwani ukaongezeka, ukafuatiwa na sianobakteria, ule mwani wa bluu-kijani unaotanda juu kama rangi iliyomwagika. Chini ya barafu, mabaki ya viumbe hao yalioza na kumaliza oksijeni, na samaki wakafa kwa wingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 majitaka yalielekezwa kwingine. Kila aliyehusika aliamini kwamba kazi imekwisha na kilichobaki ni muda.

Miaka kumi ya kusubiri

Muda ulipita na ziwa halikubadilika. Maji yalibaki kama supu ya kijani wakati wa joto, na samaki waliendelea kufa chini ya barafu. Diski nyeupe ya Secchi, inayoshushwa kwa kamba ili kupima uangavu wa maji, ilipotea machoni kabla ya kufika sentimita 25. Fosforasi majini ilikuwa mamia ya mikrogramu kwa lita, ilhali kwa kawaida ziwa huhesabiwa kuwa limezidiwa na rutuba likivuka mikrogramu 35 hivi, na likipita 100 limefikia daraja la mwisho kabisa.

Hata wazo la kulifukia lilizungumzwa. Si wazo la kipuuzi kama linavyosikika. Ziwa bovu katikati ya mji ni harufu, ni mbu, ni ardhi isiyotumika, na viongozi walikuwa wameshatumia fedha za kuhamisha majitaka bila kuona faida.

Kabla ya kuamua, wakaitwa watafiti wa maziwa. Wao hawakuanza na maji. Walianza na tope.

Namna tope linavyorudisha fosforasi

Msomaji anayeujua utaratibu huu anaweza kuruka sehemu hii.

Fosforasi inayoingia ziwani haibaki majini muda mrefu. Humezwa na mwani, mwani hufa na kuzama, au hung'ang'ania chembe za udongo na kuzama nazo. Mashapo ya chini, yaani tope lililotua, yanakuwa ghala. Sehemu ya fosforasi hiyo imeshikwa na kalsiamu au aluminiamu na ni vigumu kutoka. Sehemu nyingine imo katika mabaki ya viumbe na hutoka kadiri bakteria wanavyoyaozesha. Sehemu inayoleta matatizo zaidi ni ile iliyoshikwa na chuma.

Palipo na oksijeni, chuma huwa katika hali ya kutu na huikamata vizuri fosfeti, yaani fosforasi katika hali inayoyeyuka majini. Oksijeni ikiisha, bakteria hukibadilisha chuma kuwa aina inayoyeyuka, na fosfeti huachiwa pamoja nacho. Wilhelm Einsele alilionyesha jambo hili katika miaka ya 1930, na Clifford Mortimer akalieleza kwa kina katika kazi aliyochapisha mwaka 1941 na 1942. Kwa hiyo kisa hiki kilipoanza, elimu hiyo haikuwa ngeni. Ilikuwa tu haijafika kwenye meza za wanaopanga mabomba ya majitaka.

Katika ziwa lenye kina kifupi mambo huongezeka. Upepo hutibua tope. Samaki wanaotafuta chakula chini hulivuruga. Mchana wa jua kali mwani hutumia hewa ya ukaa hadi pH, kipimo cha asidi na alkali ambapo 7 ni katikati, inapanda juu ya 9, na katika hali hiyo chuma huiachia fosfeti hata kama oksijeni ipo tele. Joto huharakisha uozo. Usiku ukitulia, oksijeni juu ya tope hushuka. Mchana na usiku, mlango wa ghala uko wazi kwa sababu tofauti.

Hesabu ya mfano itaonyesha kwa nini kina ni jambo kubwa. Chukua tope linalotoa miligramu 10 za fosforasi kwa kila mita ya mraba kwa siku, kiwango ambacho si cha ajabu kwa tope lililoshiba. Katika ziwa la mita 1.1, hiyo ni nyongeza ya mikrogramu 9 hivi kwa lita kila siku. Siku kumi za joto na utulivu zinatosha kulipandisha ziwa safi hadi kwenye kundi la maziwa yaliyozidiwa. Katika ziwa la mita 20, tope lilelile lingeongeza nusu mikrogramu tu kwa siku, tena kwa kawaida fosforasi hiyo ingenaswa katika maji baridi ya chini mpaka majira ya kuchanganyika kwa maji.

Na ghala lina ukubwa gani? Tope laini lenye maji asilimia 90, likiwa na miligramu 2 za fosforasi kwa kila gramu ya tope kavu, lina takriban gramu 20 za fosforasi chini ya kila mita ya mraba katika sentimita 10 za juu peke yake. Maji yote yaliyo juu yake, hata yakiwa machafu kwa kiwango cha mikrogramu 600 kwa lita, yana gramu 0.66. Ukiyatoa maji yote na kujaza mapya, umegusa sehemu moja kati ya thelathini ya tatizo.

Nguzo ya tope mezani

Kipimo kilichoamua mwelekeo kilikuwa rahisi kwa sura. Bomba la plastiki angavu hushindiliwa wima kwenye tope, huzibwa na kuvutwa, na ndani yake hutoka nguzo ya tope yenye tabaka zake zote kwa mpangilio.

Nguzo za ziwa hili zilikuwa na rangi mbili. Juu kulikuwa na tope jeusi, laini mno, lenye harufu ya yai bovu, unene wake karibu nusu mita. Chini yake palianza tope la kahawia, zito zaidi, lisilo na harufu hiyo. Mpaka kati ya rangi hizo ulionekana kwa macho.

Tabaka jeusi lilikuwa la enzi za majitaka. Lile la kahawia lilikuwa ziwa la zamani, kabla ya mji kulijaza. Kasi ya kujaa pia ilikuwa imebadilika kabisa: kabla ya uchafuzi tope lilikuwa likiongezeka kwa sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka, na wakati wa uchafuzi likafikia milimita kadhaa.

Weusi wenyewe ni taarifa. Rangi hiyo hutokana na chuma kilichoungana na salfaidi, aina ya salfa inayotokea pasipo na oksijeni, na chuma kilichokwisha kushikwa na salfaidi hakina tena nafasi ya kuikamata fosfeti. Kwa hiyo tope jeusi lilikuwa na kasoro mbili kwa pamoja: fosforasi nyingi, na kufuli lililovunjika. Majaribio ya maabara yaliunga mkono kilichoonekana kwa macho. Tope jeusi lilivujisha fosforasi kwa wingi kwenye maji yaliyowekwa juu yake, na lile la kahawia lilivujisha kidogo sana.

Hapo ndipo swali la pili lilipojibiwa. Kina cha kuchimba hakikutokana na bajeti wala na uwezo wa mashine, bali na ule mpaka wa rangi, pamoja na akiba chini yake.

Uamuzi, na njia zilizoachwa

Uamuzi ulikuwa kuondoa tope. Inafaa kuuliza kwa nini njia nyingine zisingefaa hapa, maana leo mtu akisikia habari za fosforasi ya mashapo jambo la kwanza kumjia ni shabu, yaani aluminiamu salfeti.

Shabu humwagwa ziwani, hugeuka ute mweupe unaozama na kuifunga fosfeti kwenye uso wa tope. Ni rahisi kuliko kuchimba, na katika ziwa lenye kina hufanya kazi vizuri. Tathmini ya maziwa 114 iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba matokeo yake hudumu wastani wa miaka 21 katika maziwa ambayo maji yake hujigawa kwa matabaka, lakini miaka 6 hivi tu katika maziwa yenye kina kifupi ambayo maji yake huchanganyika mara kwa mara. Ziwa letu liko kundi la pili. Upepo ungeutibua ute, na pH ya mchana ikipanda kupita 9 aluminiamu yenyewe huanza kuyeyuka, jambo lenye hatari kwa samaki pia.

Kupuliza hewa chini ya ziwa kungesaidia kidogo sana. Maji ya mita moja huchanganywa na upepo karibu kila siku. Upungufu wa oksijeni uko ndani ya milimita za juu za tope, mahali ambapo bomba la hewa halifiki. Kubaki bila kufanya kitu nako kulikuwa chaguo. Utafiti uliokusanya maziwa 35 na kuchapishwa mwaka 2005 uligundua kuwa baada ya kupunguza fosforasi inayoingia, kwa kawaida huchukua miaka 10 hadi 15 kabla ya fosforasi ya ziwani kutulia kwenye kiwango kipya. Ziwa hili lilikuwa limeshasubiri karibu muda huo bila dalili njema.

Kilichobaki ni njia ghali kuliko zote.

Kazi yenyewe

Kazi ilifanyika katika majira mawili ya joto, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila majira tope la takriban nusu mita lilifyonzwa. Mashine ilikuwa ya kufyonza, yenye mdomo uliotengenezwa mahsusi ili kulichukua tope laini bila kulitibua. Hilo si pambo. Tope likitibuliwa, fosforasi iliyo kwenye maji yaliyomo kati ya chembe humwagika ziwani papo hapo, na tope jepesi huelea na kuja kutua juu ya sehemu iliyokwisha kusafishwa.

Tope lilisukumwa kwa mabomba hadi mabwawa ya kutulizia nje ya ziwa. Maji yaliyotengana na tope yalikuwa yamejaa fosforasi, na yangerudishwa hivyo kazi nzima ingekuwa mzunguko wa bure. Yakatibiwa kwa aluminiamu salfeti kwanza, fosforasi ikazama, ndipo yakaruhusiwa kurudi. Kwa hiyo shabu ilitumika, ila ndani ya bwawa ambako pH inaweza kudhibitiwa. Tope likikauka liligeuzwa udongo wenye rutuba kwa bustani na nyasi.

Vipimo havikusimama. Maji, mwani, wadudu wa chini na tope lilikuwa likipimwa kabla, wakati na baada ya kazi, na sababu kubwa ya kisa hiki kufundishika ni hiyo.

Matokeo

Fosforasi majini ilishuka kwa takriban asilimia 90, kutoka mamia ya mikrogramu hadi chini ya 100 kwa lita. Nitrojeni ilishuka pia. Uangavu uliongezeka hadi karibu sentimita 75, mara tatu ya ule wa mwanzo. Sianobakteria walipungua sana na aina nyingine za mwani zikapata nafasi. Chini ya barafu oksijeni ilitosha, na vifo vya samaki vikakoma. Kina cha wastani kiliongezeka kwa zaidi ya nusu mita.

Lakini soma tena tarakimu hizo. Mikrogramu karibu 100 kwa lita bado ni maji yaliyoshiba. Ziwa halikurudi kuwa lilivyokuwa kabla ya mji. Lilitoka kwenye hali mbaya kabisa na kuingia kwenye hali ya ziwa la mjini linaloweza kutumiwa.

Kisha, katikati ya miaka ya 1970, maji yakaanza kuwa mabaya tena kidogo. Safari hii chanzo kilikuwa samaki. Kwa kuwa hawakufa tena chini ya barafu, samaki wa jamii ya kapu waliongezeka mno. Hao hula wanyama wadogo wa majini wanaokula mwani, na pia huchimbachimba tope wakitafuta chakula. Hatua iliyofuata ikawa kuwavua kwa wingi kwa nyavu, na hali ikatengemaa.

Uchambuzi

Nguvu ya kazi hii ilikuwa katika utambuzi, zaidi ya mashine. Ziwa lilikuwa na tabaka moja lenye sumu ya historia, lenye mpaka wa wazi, na chini yake tope maskini wa virutubisho. Uchimbaji uliofuata mpaka huo ulibadilisha kile kinachogusana na maji. Uchimbaji wa sentimita 20 ungeondoa tani nyingi za tope na kuacha uso uleule mweusi, na fedha zote zingekuwa zimekwenda na maji. Miradi ya kuchimba maziwa hushindwa mara nyingi hapo hapo: kina hupangwa kwa ajili ya boti au kwa kiasi cha fedha kilichopo, halafu ubora wa maji huahidiwa kana kwamba ni zawadi inayokuja yenyewe.

Mpangilio wa hatua nao ulikuwa sahihi, hata kama ulitokea kwa bahati. Majitaka yalikatwa kwanza. Tope likiondolewa huku bomba likiendelea kumwaga, ghala hujaa upya.

Upande wa pili, mradi wa kuhamisha majitaka ulipangwa bila mtu kulipima tope. Nguzo chache za tope ni kazi ya siku chache tu. Zingeonyesha mapema kwamba ziwa halitapona lenyewe, na mji ungejua gharama zote mbili kabla ya kulipa ya kwanza. Tatizo hili halikuwa lao peke yao. Huko Seattle, Lake Washington ilikatiwa majitaka kati ya mwaka 1963 na 1968 na ikapona haraka, na mfano huo uliwapa wengi matumaini. Ila ile ina kina cha wastani cha mita 33 na maji yake ya chini yalibaki na oksijeni. Shagawa Lake huko Minnesota ilipata mtambo wa kuondoa fosforasi mwaka 1973, mzigo wa kutoka nje ukapungua sana, na kwa kuwa maji yake hubadilika kwa muda usiofika mwaka mmoja ilitarajiwa kupona upesi. Fosforasi ilipanda kila majira ya joto, kutoka kwenye mashapo, mwaka baada ya mwaka.

Samaki pia hawakuwamo katika mpango wa mwanzo. Sioni kuwa hilo ni la kulaumiwa sana, maana elimu ya jinsi samaki wanavyotawala uangavu wa maji ilikuwa bado changa. Leo mtu hana udhuru huo. Ziwa likiacha kuua samaki, idadi yao lazima ipangwe tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo moja ambalo kisa hiki hakiwezi kuthibitisha. Tope liliondoka na kina kikaongezeka kwa wakati mmoja. Maji zaidi yanaipunguza nguvu ya fosforasi inayotoka chini, na mawimbi hulifikia tope kwa shida zaidi. Sehemu gani ya nafuu ilitokana na kemia ya tope na sehemu gani na kina, hakuna njia ya kuitenganisha kwa vipimo vya ziwa hili peke yake. Majaribio ya maabara yanaipa kemia uzito mkubwa, na nakubaliana nayo, lakini anayetaka kunukuu asilimia 90 kama kazi ya kuondoa fosforasi tu anasema zaidi ya ushahidi.

Lini kisa hiki kisiigwe

Yapo maziwa ambayo nguzo ya tope haina rangi mbili. Mahali ambapo mto umekuwa ukileta udongo wenye fosforasi kwa karne nyingi, tope la mita mbili chini linaweza kuwa tajiri kama la juu. Kuchimba huko ni kufungua chumba kingine cha ghala lilelile. Katika ziwa lenye kina kirefu linalojigawa kwa matabaka, shabu huwa na nafasi nzuri kuliko mashine ya kufyonza, hata bila kugusa suala la gharama. Na pale ambapo tope limebeba zebaki au metali nyingine nzito kutoka viwandani, bwawa la kutulizia halitoi udongo wa bustani. Linatoa taka zinazohitaji mahali pake pa kuhifadhiwa, na mahali hapo pawe pamepatikana kabla ya pampu ya kwanza kuwashwa.